Nilikaa na familia Granada wiki 10 kusoma Kihispania, nakujibu kwa yaliyonikuta

Mkuu, umeuliza kama mwongoza watalii wa hapa Moshi akipata nafasi ya kwenda Hispania kusoma lugha miezi miwili na nusu, apange chumba chake au akae na familia anayotafutiwa na shule. Wengi wamekujibu "panga, uwe huru". Mimi nilikaa na familia mjini Granada kuanzia katikati ya Machi 2023, masika ilipokuwa inatukalisha vijiweni. Kaa na familia. Ila ujue kwamba wiki tatu za mwanzo mimi nilizitupa, tena nilizitupa kwa sababu ya adabu.

Unajua tulivyolelewa. Ukiwa mgeni unatulia, unakula unachopewa, humfuati mama mwenye nyumba jikoni, hupigi domo mbele ya wakubwa. Mwenyeji wangu alikuwa mjane wa miaka sabini na kitu, anakaa na binti yake na mjukuu wa kiume. Nikawa mgeni wa mfano. Nikitoka shule najifungia na madaftari, nikiitwa mezani naenda, "gracias", nakula, "gracias", narudi chumbani. Nalipia familia, naishi kama niko gesti. Kumbe huku nyuma yule mama anamwambia binti yake kwamba huyu kijana ana huzuni, labda chakula hakimpendezi. Nilikuja kuambiwa baadaye.

Kitu kingine kilichonifunga mdomo ni shikamoo. Katika nyumba ile watu wanaitana "tú", yaani wewe ya kawaida, hata mjukuu na bibi yake. Ipo "usted" ya heshima, nikaing'ang'ania, lakini siku ya pili tu akanikataza na kuniambia nimwite kwa jina. Aisee, mtu mzima kuliko mama yangu mzazi, nimwite jina tupu? Nikawa natunga sentensi za kukwepa kumwita chochote, na kwa Kihispania changu cha wakati ule sentensi za namna hiyo zilikuwa kama nne. Mwisho nikamwita "abuela", bibi, kama mjukuu alivyomwita. Akacheka, akanishika shavu, tukaelewana.

Halafu kuna suala la saa. Asubuhi moja nilimwambia nitarudi kula "a las ocho", kichwani mwangu ni saa nane mchana, maana ndio muda wao wa chakula kikubwa. Yeye akaelewa saa mbili usiku. Nafika, nyumba haina mtu: kwa kuwa hakuna wa kupikiwa, wamekwenda kula kwa dada yake. Nikashindia biskuti. Na usiku wao usiupime kwa wetu, chakula ni saa tatu kuelekea saa nne. Kabla hujataja saa, hesabu zile sita kwanza.

Kilichoniokoa ni baridi. Mji uko mita 700 na kitu juu ya usawa wa bahari, na Sierra Nevada yenye theluji unaiona pale pale, kama sisi na Kibo asubuhi isiyo na mawingu. Machi usiku si mchezo. Sebuleni kulikuwa na meza ya duara iliyofunikwa kitambaa kizito hadi sakafuni, wanaiita mesa camilla. Chini yake kuna hita, brasero. Zamani waliweka makaa, siku hizi ni ya umeme. Jioni kila mtu anaingiza miguu chini ya kitambaa na kukivuta hadi mapajani, na ukishaingiza miguu huna hamu tena ya chumba chako. Sasa umekaa na watu watatu, magoti yenu yanagusana. Utanyamaza mpaka lini?

Jioni ya kwanza nilitoa simu nikaonyesha picha za mlima. Ilipofika ya ule ukuta, wapagazi wanapanda na mizigo kichwani, bibi akashika kifua: "¡Vaya barranco!" Nikashangaa kajuaje jina la Barranco, ukuta na kambi yetu ya Kilimanjaro. Kumbe barranco ni neno lao la kila siku, maana yake korongo. Nimelala ile kambi miaka tisa, nimelitamka jina lake kwa wageni mara zisizo na idadi, sikuwahi kujiuliza.

Basi ukawa mchezo wetu wa jioni, mjukuu anaandika. Mesa, meza. Vino, mvinyo. Bandera, bendera. Zapato, sapatu. Hayo ya kwetu tuliyapata kwa Wareno, majirani zao. Mengine wao na sisi tumeyachota kwa Waarabu: azúcar ni sukari, aceituna ni zeituni, fulano ni fulani. Ukisema "hasta mañana", hadi kesho, hiyo hasta ni hata yetu. Alcalde, meya wao, asili yake ni kadhi. Granada ilikuwa chini ya watawala Waislamu hadi 1492, kwa hiyo bibi hakushangaa sana. Mimi nilishangaa kwa niaba ya wote.

Wiki ya nne nikaomba nimenye viazi. Tortilla yao usiifikirie kama chapati, ni ndugu wa chipsi mayai, ila viazi vinalainishwa taratibu kwenye mafuta mengi ya zeituni, vinachujwa, vinalowekwa kwenye mayai yaliyopigwa, ndipo vinarudi kikaangoni. Nilipomwelezea chipsi mayai ya Majengo, na kachumbari na pilipili juu, hiyo ndiyo ilikuwa hotuba yangu ya kwanza ndefu kwa Kihispania. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza swali moja: vitunguu mnatia? Darasani tulikuwa bado tunakariri majedwali ya vitenzi. Jikoni ni amri tupu: pela (menya), corta (kata), echa sal (tia chumvi), bate (piga mayai), na ile ya kutisha, "dale la vuelta", igeuze. Unafunika kikaango kwa sahani, unapindua mara moja bila kusita. Mimi nilisita. Nusu ikaishia kwenye jiko, na bibi akatamka neno ambalo mwalimu hakunifundisha, nami silitaji hapa.

Darasani usiogope Wazungu. Wanateseka na vitu ambavyo sisi tumezaliwa navyo. Los libros rojos, la mesa roja: kwao kivumishi kubadilika ni mateso, wewe unasema vitabu vyekundu tangu chekechea. Quiero que vengas ni "nataka uje", kitenzi kinageuka vile vile. Ser na estar, vitenzi vyao viwili vya "kuwa", vinawatoa jasho. Ser mara nyingi ni "ni" yetu, estar ya mahali ni "yuko" na "iko", na está cansado unaijua tayari, amechoka. Irabu ni zetu tano. Z ya darasani ni th ya thelathini, j ni kh ya kheri, ñ ni ny. Bibi yeye alimeza kila s ya mwisho wa neno, nikitoka kwa mwalimu nikifika kwake naanza upya. Usilalamike, wageni wako wa mlimani hawataongea kama kitabu.

Mambo ya makaratasi kwa haraka. Kwa muda usiozidi siku 90 ni viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, na ubalozi wa Hispania upo Dar es Salaam. Ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari iwe na kinga isiyopungua yuro 30,000. Viza hiyo si ya kufanyia kazi. Kwenye fomu ya shule andika mapema kama huli nguruwe, maana iko hadi kwenye supu ya dengu (mimi na kitimoto hatuna ugomvi). Zawadi beba kahawa na khanga, nyama na maziwa forodha ya Ulaya hawaruhusu. Na uliza kabla hujalipa: nyumba hiyo ina mwanafunzi mwingine? Mwenzangu wa darasani aliwekwa na Waholanzi wawili, wakaongea Kiingereza tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho.

Tahadhari moja ya kazi yetu. Bibi kila kitu alisema "coge", chukua: coge el pan, coge el autobús. Msimu uliofuata, kambi ya Machame, nikamwambia mgeni kutoka Mexico achukue begi lake, "coge tu mochila". Kundi zima likaangua kicheko, hadi mmoja akanivuta pembeni kunieleza kwamba kwao, na kwa Waajentina pia, hilo ni neno la chumbani. Siku hizi nasema toma au agarra. Nilimtumia bibi ujumbe wa sauti WhatsApp kumsimulia. Akanijibu kwa kicheko cha karibu dakika nzima, halafu akauliza kama siku hizi tortilla naigeuza bila kumwaga.