Kukata na kuchanja kuni kwa mashine: jenga mbili, si moja

Wanaokuja kununua kuni kwangu hapa Dagoretti huulizia bei kwanza, kisha mashine. Wakisikia imetengenezewa hapa hapa Nairobi, tena nusu yake kwa chuma chakavu, mtu hutoa simu na kunionyesha video. Karibu kila mara video ni ile ile: shafti moja ndefu, msumeno wa duara mwisho huu, koni yenye nyuzi kama skrubu mwisho ule, na mota moja. Jamaa anakata, anageuka, anachanja, rundo linapanda. Inapendeza kutazama. Lakini fundi akikuletea mchoro wa namna hiyo, mwambie akuchoree mwingine, wa mashine mbili.

Shafti ikiwa moja, huwezi kuzima koni ukabakiza msumeno, wala kuzima msumeno ukabakiza koni. Umeinamia koni, macho na akili viko kwa gogo, na diski inazunguka nyuma ya kiwiko chako. Halafu kazi hizi mbili hazitaki mwendo mmoja. Msumeno wa ukubwa wa kawaida unafanya kazi vizuri kwenye mizunguko 1,400 na kitu kwa dakika. Koni inataka kama 300. Ukizifunga pamoja, ama msumeno unakuwa mzembe na kuanza kubana, ama koni inapata kasi ya kurusha gogo.

Koni hata ikiwa peke yake siipendi. Inajivuta yenyewe ndani ya mti, huo ndio uzuri wake na hapo hapo ndipo ubaya wake ulipo, kwa sababu haijui kama ilichoshika ni gogo au mkono wa sweta. Gogo likikosa kuegemea meza vizuri, linazunguka pamoja na koni na kukugonga miguuni. Ukiamua kuijenga kwa sababu ni rahisi na haihitaji mafuta wala pampu, basi gogo liingie kwa ubavu, kamwe lisiingie kwa kichwa. Usivae glavu wala nguo inayoning'inia. Swichi ya kuzima uiweke mahali goti linafika, na shafti uiachie kichwa cha kushikwa na spana ili kuni zikikwama uizime na kuirudisha nyuma kwa mkono. Mimi nina kijana ninayemlipa afanye kazi pale, na sitamweka mbele ya koni.

Kabla hatujafika kwenye chuma, jiulize kama unaihitaji mashine yenyewe. Jiko la nyumbani au kibanda cha chapati hakidai mota. Shoka zito na mtu anayejua kulishika vinatosha. Mashine huanza kuleta maana ukiwa na wateja wa choma, hoteli au jikoni ya shule wanaotaka kuni za urefu mmoja, zilizokauka, wiki baada ya wiki. Na mti wenyewe unahesabika. Muwati unafunguka vizuri, mukima nao hausumbui. Saipresi ina vifundo vingi. Mkaratusi uchanje ungali mbichi, maana ukikauka ukiwa gogo zima, nyuzi zake zilizojisokota hushikana na hata mashine hulalamika. Tena kuni zilizochanjwa hukauka haraka kuliko gogo lenye ganda lake, kwa hiyo ukichanja Januari unakuwa na kitu cha kuuza mvua ya Aprili ikianza.

Sasa msumeno. Kitu cha maana kwenye msumeno wa kuni ni kitanda cha kubembea, si diski. Ni fremu ya chuma yenye umbo la V, imefungwa bawaba chini. Unalaza gogo juu yake, unashika mpini ulio mbali na meno, unasukuma kitanda chote kuelekea diski. Ukiachilia, springi inakirudisha. Mkono hauna sababu ya kulisogelea gogo wakati linakatwa. Sehemu unayoikata iachwe ikining'inia nje ya kitanda ili ianguke yenyewe. Ukiishikilia pande zote mbili, mkato unajifunga na kubana diski, na hapo ndipo mambo hurushwa.

Diski ya milimita 500 haikati gogo la milimita 500. Katikati kuna shafti, flanji na beringi, kwa hiyo inachoweza ni chini ya sentimita 20. Gogo nene zaidi ya hapo nalikata kwa msumeno wa mnyororo likiwa chini. Usijaribu kulikata nusu, kuligeuza na kumalizia upande wa pili, kwani mikato miwili ikikosa kukutana, diski inapinda. Kwa mizunguko 1,440, ukingo wa diski hiyo unakimbia mita 38 hivi kwa sekunde, zaidi ya kilomita 130 kwa saa. Soma mwendo wa juu ulioandikwa kwenye diski yenyewe na usiuvuke. Na nyuzi za nati ya diski zielekee upande ambao mzunguko unazidi kuikaza. Muulize fundi wako swali hilo kabla hajaanza kukereza shafti. Asipolielewa, tafuta mwingine.

Fundi wangu alikuwa mzuri wa kuchomelea lakini tulivutana kuhusu kifuniko. "Boss, ukifunika hivi hutaona meno." Nikamwambia, fundi, meno sina haja nayo, mimi naangalia gogo. Diski ifunikwe juu, nyuma na chini, ibaki tu nafasi ambayo gogo linapita. Mkanda na puli vilevile. Hili si penzi langu tu. Sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 inataka sehemu hatari za mashine zizibwe, na ukiwa na hata mfanyakazi mmoja, inakuhusu.

Kwenye shafti na beringi usibane pesa. Mimi nilitumia shafti ya milimita 40 na beringi mbili za UCP208. Ukiwa dukani na umesahau kipimo, chukua tarakimu mbili za mwisho uzidishe kwa tano: 08 ni milimita 40, 06 ni 30. Beringi za mtumba zinauzwa zikiwa zimeoshwa kwa petroli zikang'aa, zikazunguka vizuri mkononi. Mkononi hazina mzigo. Nunua mpya.

Na stima. Stima ya Nairobi ina tabia ya kupotea bila kuaga na kurudi bila kubisha hodi. Ukiwa na swichi ya kawaida ya ukutani, umeme unakatika katikati ya gogo, unaingiza mkono kulitoa, taa za jirani zinawaka, na diski inaanza kuzunguka. Kwa hiyo mashine yoyote ya kuni lazima iwe na stata yenye kontakta, ile inayojiachilia umeme ukikatika na kubaki imezimwa hadi mtu abonyeze kitufe cha kuwasha. Juu yake weka kitufe chekundu kikubwa cha dharura. Kama bajeti yako ina nafasi ya kitu kimoja tu cha ziada, kiwe hiyo stata. Nimeona mashine zenye rangi safi kuliko gari la harusi ambazo hazina stata.

Mota ya nguvu farasi tatu, yaani kilowati 2.2, inatosha. Ya fezi moja itavuta ampea 12 au 13 ikiwa na mzigo, na inapoanza huvuta mara kadhaa ya hizo, kwa hiyo soketi ya ampea 13 si mahali pake. Ipewe laini yake na breka yake, ifungwe na fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati. Mota nyingi za mtumba unazopata Industrial Area ni za fezi tatu. Zinaweza kutumika nyumbani kwa kifaa cha kubadilisha mwendo kinachoingiza fezi moja na kutoa tatu, lakini soma kibati kwanza. Iliyoandikwa 230/400 inaweza kufungwa delta, yaani kwa volti 230, na ikafanya kazi. Iliyoandikwa 400/690 iache hapo hapo, hata akikupunguzia bei.

Kuchanja mimi nafanya kwa haidroliki, yaani kwa nguvu ya mafuta yanayosukumwa na pampu. Gogo linalazwa juu ya chuma cha H, kabari imechomelewa mwisho mmoja, silinda inalisukuma gogo kutoka mwisho wa pili. Silinda ya kipenyo cha milimita 100, kwa presha ya bar 160, inatoa msukumo wa tani 12 na nusu hivi. Hizo zinamaliza kuni nyingi za hapa kwetu, ukiacha mkaratusi mkavu wenye vifundo. Tatizo ni mwendo. Kwa kilowati 2.2 na presha hiyo, pampu haiwezi kutoa zaidi ya lita 8 kwa dakika, na pistoni inatembea chini ya sentimita 2 kwa sekunde. Safari ya sentimita 50 inachukua nusu dakika. Pampu ya hatua mbili inasaidia sana: inakimbia gogo likiwa halijagusa kabari, kisha inapunguza mwendo na kuongeza nguvu likigusa. Hata bila hiyo, gogo zuri hufunguka likiingia sentimita chache tu, na huna haja ya kuirudisha pistoni hadi mwisho. Wanaocheka huo mwendo ni wale hawajawahi kuona koni ikishika kitambaa.

Mkono wa valvu uwe ule unaorudi katikati wenyewe ukiuachilia, pistoni ikasimama. Na anayeweka gogo ndiye huyo huyo anayeshika mkono wa valvu. Kazi ya watu wawili, mmoja anaweka na mwingine anasukuma, ndiyo inayokata vidole, kwa sababu mmoja akisema "ngoja" mwingine husikia "twende".

Chuma chakavu kina mtego wake. Silinda ya lori la tipa inavutia kwa ukubwa, lakini nyingi husukuma upande mmoja tu na kurudishwa na uzito wa bodi. Ukiilaza kwenye mashine ya kuni itatoka na haitarudi. Tafuta inayosukuma na kuvuta, kama zile za mkono wa trekta la kuchimba, kisha umpelekee mtu wa haidroliki abadilishe sili kabla hujaifunga popote. Springi bapa za lori nazo kila mtu anazitaka ziwe kabari. Ni chuma kigumu, kweli, lakini ukikichomelea kikapoa haraka hupata ufa pembeni ya mchomo. Bati la chuma laini la milimita 25, likinolewa kwa grainda, linachanja bila matatizo. Pale kwenye kabari na sahani ya nyuma ya silinda, fundi atumie rodi za 7018 zilizo kavu, wala si 6013 zilizoshinda nje zikinyeshewa.

Kariobangi Light Industries ndiko nilikopata watu wa kukereza na kuchomelea mahali pamoja, jambo linalokuokolea nauli na mabishano. Bolti, mikanda na vipande vidogo natafuta Kirinyaga Road. Ukiona kipande cha reli kinauzwa kama mhimili, ni chuma kizuri sana na usikiguse. Biashara ya chuma chakavu ilipigwa marufuku Januari 2022 kwa sababu ya wizi wa vyuma vya umma, ikaruhusiwa tena Mei mwaka huo, na sheria ya 2015 inataka muuzaji awe na leseni. Nunua kwa mwenye leseni, chukua risiti, ihifadhi. Hivyo hivyo kwa mzigo wenyewe: lori likishusha magogo kutoka Limuru au Kinangop, omba kuona kibali cha kusafirisha cha KFS, shirika la misitu. Ukikamatwa na kuni zisizo na karatasi, msumeno wako mzuri hautakutetea.

Majirani wana haki yao pia. Haidroliki haisumbui, ila diski inasikika mbali, na NEMA, mamlaka ya mazingira, ina kanuni za kelele za mwaka 2009. Mimi hukata katikati ya siku za kazi na kuchanja saa nyingine. Huo ni uzuri mwingine wa kuwa na mashine mbili.

Miti iliyokatwa mjini imekula misumari ya mabango, nyaya za kamba za nguo na stepo za ua. Pitisha macho kwenye ganda, na ukiona doa jeusi limeingia ndani ya mti, usilipeleke gogo hilo kwenye diski. Lichanje zima kwa silinda, kabari haijali msumari. Baada ya siku chache za kwanza kaza bolti zote upya, hasa za beringi, kwa sababu fremu mpya hutulia. Na mpira wa mafuta ukianza kulowa, usipapase kutafuta tundu kwa kidole. Mafuta ya bar 160 yanapenya ngozi kupitia tundu usiloliona, na hiyo ni kazi ya daktari wa upasuaji siku hiyo hiyo, hata kama kidonda kinaonekana kidogo. Pitisha kipande cha katoni kando ya mpira, doa la mafuta likitokea kwenye katoni, hapo ndipo penye tundu. Zima, shusha presha kwa kusukuma mkono wa valvu huku na huku, ndipo ufungue.