Maswali ya Wasomaji: Asali kwenye ukwaju, soda zisizo na sukari na uchungu wa sakarini

SWALI: Natengeneza juisi ya ukwaju na kuiuza hapa Isevya, Tabora. Kwenye lita 10 nilikuwa natia kilo 1 ya sukari. Sukari ilipopanda bei nikahamia kwenye asali, kilo kwa kilo. Wateja wanalalamika kuwa wanakunywa asali, ukwaju hawausikii. Tena chupa zikikaa siku mbili, ukifungua zinafoka. Nakosea wapi?
Mama Juisi, Tabora

JIBU: Mama, kipimo chako si kibaya. Kilo ya asali ina maji kama gramu 170 hivi na sukari kama gramu 800, lakini sehemu kubwa ya sukari hiyo ni fruktosi, ambayo kwenye kinywaji baridi huzidi utamu wa sukari ya dukani. Ndiyo maana kilo kwa kilo utamu unakaribiana.

Kilichobadilika ni kinachokuja pamoja na utamu. Sukari ya miwa haina harufu ya kwake: inapoza ukali wa ukwaju, kisha inaondoka na kukuachia ukwaju mdomoni. Asali ya miombo, ile nyeusi nyeusi ya Sikonge na Urambo, inakuja na harufu yake nzima, na kama mrinaji alitumia moto mwingi, inakuja na moshi pia. Kwenye chai ya tangawizi moshi huo unajificha. Kwenye ukwaju wa baridi unabaki kooni baada ya kumeza.

Kwa hiyo usiache sukari kabisa. Kwa lita 10 tia sukari gramu 700 na asali gramu 350. Kama huna mizani, kikombe cha mililita 250 kikijaa asali ni hizo hizo gramu 350, kwa kuwa lita moja ya asali ina uzito wa kilo 1.4 hivi. Chemsha ukwaju na sukari, chuja, acha upoe hadi uweze kushika sufuria kwa mkono mtupu, ndipo umimine asali. Ukiichemsha asali unafukuza harufu nzuri na kubaki na ile nzito tu.

Kuhusu kufoka: asali mbichi ina chachu ndani yake. Ikiwa nzito, chachu hizo zimelala kwa kukosa maji. Wewe umezipa maji na joto la Tabora, na mtu wa Tabora hahitaji kufundishwa wanzuki, pombe ya asali, unavyoanza. Ukitaka juisi ifike siku ya pili, weka bakuli la asali ndani ya sufuria ya maji ya moto, ipande hadi nyuzi 63 (nunua kipimajoto, usikisie kwa kidole) na uishikilie hapo dakika 30. Harufu itapungua kidogo, ila si kama ungeichemsha. Halafu tazama chupa zako. Chupa za maji zilizotumika, ukizisuuza kwa maji baridi tu, zina chachu zake shingoni na kwenye uzi wa kifuniko, na hapo kazi yote ya asali inakuwa bure. Juisi ikae kwenye friji tangu ijazwe, na ikifika siku ya tatu usiiuze.

Asali ya nyuki wadogo usiipime kwa hesabu hii. Ina maji mengi zaidi na uchachu wake, hivyo itie kidogo kidogo huku ukionja. Na juisi yoyote yenye asali asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka.

SWALI: Nina duka Ujiji. Soda za sukari zikikaa hazibadiliki, lakini zile zisizo na sukari, baada ya miezi michache wateja wanasema zimepooza, ingawa gesi ipo. Ni feki?
Muuza duka, Kigoma

JIBU: Si lazima ziwe feki. Soma kwenye lebo. Ukikuta aspatame, jibu liko hapo. Aspatame ni tamu mara 200 hivi kuliko sukari, lakini kwenye asidi ya soda huvunjika taratibu, na joto huiharakisha. Vipande vyake havina utamu. Sukari ya kawaida nayo huvunjika kwenye asidi hiyo hiyo, ila inagawanyika kuwa glukosi na fruktosi, ambazo zote ni tamu, hivyo mnywaji hagundui kitu.

Kreti zilizopangwa chini ya bati bila dari zinapikwa kila mchana. Zishushe chini, mbali na ukuta unaopigwa na jua la jioni, uza za zamani kwanza, na agiza kidogo kidogo. Soda zenye sukralose au asesulfame huvumilia zaidi. Viwanda vingi huchanganya asesulfame na aspatame, kwa sababu ya kwanza inawahi ulimini na ya pili inachelewa kuondoka, zikikutana zinaiga mwendo wa sukari.

SWALI: Baba ana kisukari. Nimemtilia vidonge vya sakarini kwenye juisi ya ukwaju badala ya sukari. Ikawa chungu, tena nyepesi kama maji. Nifanyeje? Au nimpe asali?
Msomaji, Kasulu

JIBU: Asali hapana, ndugu yangu. Mwilini ni sukari.

Sakarini ina utamu wa mara 300 hadi 400 ya sukari, na ikizidi huacha ladha kama ya kulamba sarafu. Usijaribu kufikia utamu wa zamani kwa sakarini peke yake. Yeyusha vidonge 10 katika vijiko 10 vya maji ya uvuguvugu, tia kijiko kimoja kimoja kwenye lita moja, na uache utamu unapofika nusu ya ule mliouzoea. Punguza ukwaju kwa robo, maana hakuna sukari tena ya kuupoza. Chumvi ya kuchota kwa ncha ya kisu hupunguza uchungu. Wepesi unatokana na kukosa gramu 100 za sukari zilizokuwa zinaipa lita hiyo uzito; kijiko kimoja cha unga wa ubuyu, uliokorogwa na kuchujwa, kitaurudisha kiasi, kwa kuwa ubuyu una pektini nyingi, ile inayofanya kinywaji kiwe kizito. Ukwaju na ubuyu vina sukari yao ya asili, hivyo kiasi cha kunywa kwa siku mwulizeni daktari wake.

SWALI: Mbona soda iliyoisha gesi huwa tamu mno?
Mwanafunzi, Tabora

JIBU: Gesi ikiyeyuka kwenye maji huwa asidi, na ukali wake hushindana na sukari. Ikitoka, sukari inabaki bila mpinzani. Ikiwa na vuguvugu ndiyo zaidi, kwa sababu baridi huzuia ulimi kuusikia utamu wote. Ndiyo maana juisi ya kuuza baridi huonjwa ikiwa baridi; ukiionja ikiwa moto jikoni ukaridhika, mteja atakuambia haina sukari.