Kaliandra ngapi kwa ng'ombe mmoja?

Dada, umeuliza upande miche mingapi ya kaliandra, mti mdogo wa malisho, kwa ng'ombe wako mmoja wa maziwa. Panda kama 500, na usihangaike kutafuta shamba jipya: wakulima wa Embu, Kenya, huipanda mipakani na kwenye kingo za matuta. Mbegu ziloweke kwenye maji baridi saa 48 kabla ya kusia. Ikikaribia mwaka anza kukata, ukiacha shina la kama mita moja lichipue tena. Kilo 3 za majani mabichi hushika nafasi ya takriban kilo 1 ya chakula cha dukani. Mpe yangali mabichi, tafadhali, yasinyauke kwanza. Na nyasi za nepia usimpunguzie. Kaliandra ni ya kuongeza protini, hasa kiangazi majani mengine yakikauka.