Forester ya 2012: mimi ningeinunua, ila sikia kwanza

Dada, umeuliza kama uchukue Subaru Forester ya 2012. Unakaa Ruaka, kazi iko Upper Hill, na kila baada ya wiki mbili unapanda Kinangop kuwaona wazazi. Kaka yako anasema Subaru ni gari la wahuni. Fundi wako anasema inakunywa mafuta na hedi, ule mfuniko wa chuma wa silinda za injini, itaungua kabla mwaka haujaisha, afadhali utafute Toyota. Nimeendesha Subaru hapa Nairobi tangu 2014 na sasa niko kwenye Forester yangu ya pili. Ile ya kwanza niliiharibu mwenyewe kwa kutojua, kwa hiyo nitaanzia hapo.

Ilikuwa ya 2004, lile umbo ambalo Subaru wenyewe huliita SG, injini ya EJ20 isiyo na turbo. Miezi michache baada ya kuinunua niliona maji yakipungua kidogo kidogo kwenye tangi la akiba. Nikaipeleka gereji moja ya karibu na nyumbani. Fundi akachomoa themostati, ile vali inayoongoza maji ya kupoza injini, akaniwekea mkononi, akasema hiki kidude ni cha nchi za baridi, huku kwetu hakina kazi. Akajaza maji ya mfereji, akafunga kifuniko, nikalipa nikamshukuru.

Novemba 2015 nilikuwa natoka Elburgon na mke wangu na watoto wawili, magunia mawili ya viazi nyuma. Tulipoanza kupanda kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru, tukijikokota nyuma ya malori, mshale wa joto ukaondoka katikati. Nikazima AC. Ukashuka kidogo, ukapanda tena. Nikajiambia tutafika juu. Tulifika, na hapo juu nikafungua hita ili nipunguze joto la injini. Ikatoa upepo baridi, ilhali mshale umelala kwenye nyekundu. Maana yake ndani ya injini hakukuwa tena na maji ya kuzunguka. Ni zile kilomita chache za kujiambia tutafika zilizoiua hedi. Ningesimama mara ya kwanza mshale ulipopanda, ningenunua mpira wa radieta tu, maana uvujaji wenyewe ulikuwa pale.

Gari lilibebwa hadi Industrial Area kwa mzee mmoja asiyegusa kitu kingine ila Subaru. Alitoa injini nzima, akaiweka juu ya meza ya vyuma, akafungua hedi zote mbili. Kisha akaweka rula ya chuma juu ya hedi ya kushoto, akaniita niiname niangalie kwa usawa wa macho. Niliona mwanga ukipita chini ya rula katikati. Chuma kilikuwa kimepinda. Mabomba ya maji ndani yalikuwa na kutu rangi ya chai ya maziwa, kutu ya yale maji ya mfereji. Mzee hakunigombeza. Alinionyesha tu.

Nimekueleza haya yote kwa sababu fundi wako hakudanganyi. Hedi za Subaru huungua. Hasa injini za EJ25, zile za lita 2.5, gasketi zake, zile za kuziba kati ya hedi na injini, zilijulikana dunia nzima kwa kuvujisha. Lakini nyingi nilizoona zikifunguliwa Nairobi zilifika pale kwa njia yangu: themostati imetupwa, maji ya mfereji, hewa imebaki ndani. Injini ya Subaru imelala. Pistoni mbili zinapiga kushoto na mbili kulia, na injini ya namna hiyo hushika hewa ukiijaza maji haraka haraka. Inatakiwa ijazwe polepole, iwashwe, hewa itoke, ijazwe tena. Fundi aliyezoea injini ya kusimama hana subira hiyo. Na kwa kuwa imelala, hedi ni mbili, kila moja na gasketi yake, na zimebanwa kwenye chasi kiasi kwamba mafundi wengi huishusha injini nzima kwanza. Ndiyo maana bili ya Subaru inauma, na ndiyo maana fundi wako haipendi.

Kwa nini basi Wajapani waliilaza? Hapa ndipo mimi huipenda kampuni hii. Mizizi yake ni ya ndege. Chikuhei Nakajima, mhandisi wa jeshi la majini, aliacha jeshi mwaka 1917 akaanza kuunda ndege huko Ota, mkoa wa Gunma. Vita vya pili vilipokwisha Japani ikakatazwa kuunda ndege, na kampuni yake ikavunjwa vipande vipande. Mafundi waliokuwa wakijua ndege tu walianza kuunda pikipiki ndogo iitwayo Rabbit, na zile za kwanza zilitumia gurudumu la mkia wa ndege ya kivita. Mwaka 1953 vipande vitano vya ile kampuni vikaungana tena na kuwa Fuji Heavy Industries, jina walilolibeba hadi 2017 walipojiita Subaru rasmi.

Subaru ni jina la Kijapani la lile kundi la nyota ambalo sisi tunaliita Kilimia. Zile nyota 6 kwenye bonet ndizo hizo. Jina la Kijapani lina maana ya kuungana. Letu linatokana na kulima, kwa sababu wazee walilitazama kujua mvua iko wapi. Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, ndivyo wasemavyo. Mimi kila nikiiona ile alama mbele ya gari lililojaa matope ya shambani, huona kwamba imefika kwao.

Gari lao la kwanza kuuzwa kwa wingi, Subaru 360 ya 1958, lilibuniwa na Shinroku Momose, mhandisi wa ndege. Lilikuwa na injini ya 356cc nyuma, lakini lilibeba watu wazima 4, kwa sababu watu wa ndege wanajua kuhesabu kila kilo. Injini iliyolala ikaja 1966 kwenye Subaru 1000. Ikilala, uzito unakaa chini na gari haliyumbi kwenye kona. Utalihisi hilo siku ya kwanza utakapoteremka Njabini.

Habari ya kuvuta magurudumu yote manne ndiyo inayokuhusu zaidi. Kampuni ya umeme ya kaskazini mwa Japani, Tohoku, ilihitaji gari la kupeleka mafundi wake kwenye nyaya milimani wakati wa theluji. Jeep zilifika, lakini zilikuwa baridi na za kuchosha. Subaru wakachukua kigari cha mizigo cha kawaida wakakiunganishia magurudumu ya nyuma. Kutoka hapo ikazaliwa Leone ya 4WD mwaka 1972. Yaani gari hili halikuanza kama gari la mbio. Lilianza kama gari la mtu wa stima anayetakiwa kufika kazini na kurudi nyumbani, njia iwe mbaya kiasi gani. Safari yako ya Kinangop mwezi wa Aprili haina tofauti kubwa na hiyo, ni rangi ya kinachoteleza tu.

Sasa uhuni ulitoka wapi? Ulitoka kwetu. Mwaka 1997 nilikuwa darasa la sita, mjomba akanipeleka upande wa Kajiado kutazama Safari Rally. Kwanza ilikuja helikopta, chini sana, ikifukuza ng'ombe na watu barabarani. Halafu vumbi. Halafu sauti ile ya kukatika-katika, kama ngoma inayopigwa ndani ya pipa, na Subaru Impreza ya buluu yenye namba za njano ikapita tukabaki tunatema mchanga. Colin McRae alishinda mwaka huo. Mwaka uliotangulia Kenneth Eriksson alikuwa ameshika nafasi ya pili kwa Impreza, na mwaka 2000 Richard Burns akaishindia Subaru tena. Kuanzia 1995 hadi 1997 Subaru walichukua ubingwa wa dunia wa watengenezaji mara 3 mfululizo. Na kabla ya wote hao, 1993, Patrick Njiru wetu alikifikisha mwisho wa Safari kigari cha Vivio cha 660cc, wakati McRae mwenyewe, kwa Vivio nyingine, aliishia njiani. Hilo huwa nawakumbusha wote wanaodhani heshima ya Subaru Kenya ililetwa na wageni peke yao.

Sisi tulikuwa watoto wakati ule, tukakua, tukapata mishahara. Wengi walitafuta sauti ile. Sauti yenyewe ilitokana na mabomba ya ekzosi ya kushoto na kulia kutolingana urefu. Walipoyasawazisha kwenye matoleo ya baadaye, ikapotea. Basi vijana wakanunua Impreza za turbo zilizochoka, wakakata ekzosi, wakakimbiza Thika Road usiku, wakapuuza kubadilisha oili, na injini ilipoanza kugonga wakamuuzia mwingine. Kaka yako anawasikia hao saa nane za usiku, ana haki ya kukasirika. Lakini Forester isiyo na turbo ya mama aliyekuwa akipeleka watoto shule haina hatia hiyo.

Mafuta. Yangu ya sasa, lita 2 bila turbo, inanipa kilomita 8 kwa lita kwenye foleni ya mjini, na 11 au 12 nikienda Nakuru kwa utulivu. Magurudumu manne yanazungushwa muda wote, lazima yalishwe. Kama ungekuwa unaendesha Ruaka hadi Upper Hill pekee ningekwambia moja kwa moja chukua Toyota Fielder au Axio, utalala usingizi. Ni zile wikendi mbili za mwezi zinazobadilisha jibu langu.

Kuhusu hiyo ya 2012 yenyewe, angalia ni umbo gani. Ikiwa ni SH, ina injini mpya ya FB20 yenye cheni badala ya mkanda wa taimingi, na bado ina gia boksi ya zamani ya gia 4, ambayo ni ngumu kufa. SJ ilianza kuuzwa mwishoni mwa 2012, nayo ina gia boksi ya CVT, ile isiyo na gia za hatua. CVT za miaka ile zilisumbua hadi kampuni ikarefusha dhamana yake Marekani, kwa hiyo mimi ningeichagua SH. Tatizo la FB za mwanzo ni kula oili. Huko Marekani wateja waliishtaki kampuni kwa jambo hilo. Zoea kuvuta dipstiki kila ukijaza tangi, usingoje taa. Na ujue kwamba SH haina mshale wa joto: kuna taa ya buluu injini ikiwa baridi, na inageuka nyekundu ikichemka. Nyekundu ikiwaka, simama pembeni uzime hapo hapo, hata kama uko katikati ya mlima na malori yanapiga honi.

Tairi zote 4 ziwe saizi moja, aina moja, na zimelika sawa. Nimeona watu wakinunua mbili mpya za mbele na kuacha mbili za upara nyuma. Gia boksi inadhani gari linateleza muda wote, na klachi ya kugawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma inaungua. Pia, likiharibika, lisivutwe huku magurudumu mawili yameinuliwa. Libebwe lote juu ya lori.

Siku ya kwenda kuliangalia, mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Shika bonet kwa kiganja. Ikiwa na joto, jiulize kwa nini. Fungua tangi la akiba: maji yawe ya rangi safi, ya kijani au buluu, si ya kutu na si meusi, na harufu ya moshi isiwemo. Liwashe, sikiliza dakika ya kwanza. Likiwa limepata moto, angalia tangi tena. Mapovu yanayopanda mfululizo ni gasketi, ondoka. Kisha tafuta uwanja mpana, zungusha usukani hadi mwisho, uende polepole mduara mzima kushoto na mwingine kulia. Likijivuta na kuruka-ruka kama limefungwa breki, ile klachi imekwisha, na hiyo si kazi ya bei ndogo. Mwisho uliza kama themostati ipo. Akicheka akakwambia hiyo ni ya nchi za baridi, unajua gari limepita mikononi mwa nani.

Jumamosi asubuhi nina nafasi. Kama muuzaji yuko popote kati ya Kiambu Road na Thika Road, niandikie saa na mahali, nitakuja na tochi na kifaa cha kusoma kompyuta ya gari. Mwite na fundi wako pia, ningependa aone tunapofungua.