Sema Hapana Kabla ya Kikao cha Pili

Kwenye ukoo wetu mimi ndiye mweka hazina wa kudumu. Iwe harusi, sendofu au kipaimara, daftari la michango litaletwa kwangu. Kazi hii imenionyesha kwamba uongo mwingi tunaoambiana kila siku hausemwi kwa nia mbaya. Mtu anakubali kwa sababu anaona haya kukataa, basi.

"Kaka, kadi nimeipata, niandikie laki." Anaandikwa laki. Vikao vinaendelea, ukumbi unalipiwa malipo ya awali, mpishi anapewa idadi ya sahani. Wiki ya mwisho ukimpigia, simu inaita mpaka inakata. Wengi hawajui ahadi inafanya nini ikishaandikwa: kamati inaipangia matumizi kama fedha iliyoko mkononi. Watu kumi wakiahidi laki moja moja na wasitoe, hiyo ni milioni. Sahani ikiwa elfu 20, wageni 50 hawana chakula. Na pengo hilo halizibwi na kamati. Ni mama wa bwana harusi anayekwenda kukopa kwenye kikoba wakati wenzake wanapakwa hina.

Ukipata kadi, jibu mapema na utaje kiasi ulicho nacho kweli. Mpwa wangu mmoja aliniandikia hivi: "Shikamoo mjomba. Kadi nimeipata, hongereni. Mwezi huu nalipa ada, nitatuma elfu 20 tarehe tano. Zaidi ya hapo msinihesabie." Sikumpigia hata mara moja. Tarehe tano ikaingia.

Aliyejibu "nitajitahidi" mimi namwandikia sifuri. "Tuombe uzima" naye sifuri. Ni nadra hesabu hiyo kunidanganya.

Visingizio navyo vina historia yake. Zamani ilikuwa "sijapata nafasi ya kupita hapo kwako". M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008 hicho kikafa taratibu, kikarithiwa na "mtandao unasumbua". Wapo wanaokwenda mbali zaidi wakatangaza msiba. Ndugu yangu, usimuue shangazi yako kwa ajili ya elfu 50. Kamati ina watu wenye huruma, wataanza kukuchangia rambirambi.

Halafu kuna wale wanaojiita wasema kweli. Huyu anaandika kwenye kundi la WhatsApp, watu wote wanasoma: "Mimi sichangi, kijana mwenyewe kazi hana." Huenda ni kweli hana, lakini mama yake yumo humo humo kundini. Ahadi za mwanachama wa TANU ziliyafunga mambo mawili pamoja: nitasema kweli daima, fitina kwangu mwiko. Wengi wameshika nusu ya kwanza tu. "Hongereni sana, safari hii sitaweza" inatosha kabisa, na hulazimiki kutoa sababu.

Sasa nigeukie sisi tunaoomba, maana uongo huu mara nyingi tunauchokoza wenyewe. Ukimwuliza mtu "nikuandikie ngapi?" mbele ya wenzake, umeshamfungia mlango wa kukataa. Atataja chochote ili muondokane. Na ile orodha ya majina inayobandikwa kundini kila asubuhi, huyu ana tiki, yule ana sifuri, inawafanya watu waahidi fedha wasiyoijua itatoka wapi. Mimi nimeacha kuibandika. Namfuata mtu pembeni, namwambia: "Dada, hii utaweza, au tukupumzishe?" Wanaopumzika si haba, na bajeti inatoka ndogo. Baadhi ya wajumbe wamenuna, wanasema nawalegeza watu. Lakini kilichoandikwa kwenye daftari langu ndicho kinachoingia, na mpishi naongea naye bila kumkwepa.

Kamati nayo iache "tumebakisha kidogo tu" wakati nusu ya bajeti haipo. Taja pengo lilivyo.

Aliyesema hapana mapema msimtenge, maana bado ni ndugu yenu na bado ana mikono miwili. Mpeni kazi: asimamie vinywaji, apokee wageni wa upande wa pili, aende kuchukua keki. Kadi yake ya mwaliko apewe kama wengine, bila alama yoyote. Mlangoni pale hakuna wa kumwuliza alitoa ngapi.