"Zilizounganishwa kwa nguvu" au "zinazoingiliana mno"?

Swali: Katika kutafsiri makala ya fizikia nimeandika "saini za chembe zilizounganishwa kwa nguvu katika ulimwengu wa awali". Mwenzangu anasema maneno hayo yanapotosha. Kosa liko wapi?

Jibu: Sarufi yako haina dosari, kilichopotoka ni maana, hasa katika "zilizounganishwa kwa nguvu". Kauli ya kutendwa humfanya msomaji amtafute mtendaji, na "kwa nguvu" humwambia kwamba chembe zilishurutishwa. Wanafizikia hawakusudii hivyo. Katika mikrosekunde (sehemu za milioni za sekunde) 10 hivi za mwanzo wa ulimwengu, joto likiwa juu ya nyuzi trilioni 2 au karibu yake, kwaki (chembe zinazounda protoni) na gluoni (chembe zinazozishikanisha kwaki) hazikuwa zimefungika ndani ya protoni, lakini zilivutana na kusukumana kiasi kwamba mchanganyiko mzima ulitiririka kama kimiminiko. Hali ya namna hiyo imeundwa upya katika maabara ya Brookhaven, Marekani, kwa kugonganisha viini vya dhahabu, na mwaka 2005 watafiti wake walitangaza kwamba walichokiona kilikuwa kimiminiko, wala si gesi. Kwa hiyo "kuungana", na hata "kufungamana", neno ninalolipenda mahali pengine, hapa linasema kinyume cha jambo lenyewe. Kitenzi kinachofaa ni "kuingiliana": kiambishi -an- kinaonyesha utendano bila kudai kwamba wahusika wameshikana.

Kuhusu kiwango, ningechagua "mno" badala ya "sana". "Sana" huongeza tu, ilhali "mno" huvuka kipimo, na hapa kipimo kimevukwa kweli: mwingiliano ni mkubwa hata hauwezi tena kukokotolewa kama nyongeza ndogo juu ya mwendo wa chembe zilizo huru.

"Saini" hutiwa na mtu kwa kukusudia, basi iache. "Dalili" nayo mara nyingi hutangulia jambo, kama wingu kabla ya mvua, na sisi tunatafuta kilichosalia baada ya miaka bilioni 13.8, labda katika mawimbi ya mvutano (mitikisiko ya anga-wakati yenyewe), labda katika tofauti za joto za mnururisho wa kale uliosalia tangu ulimwengu ukiwa mchanga, ambazo ni kama sehemu 1 kwa 100,000. Hicho ni "alama".

Ningeandika: "alama zilizoachwa na chembe zilizokuwa zikiingiliana mno katika ulimwengu wa awali". "Zilizokuwa zikiingiliana" ni ndefu, lakini usiifupishe, kwa kuwa ndiyo inayouweka mwingiliano zamani na kuziacha alama zionekane leo.