Aliyekucheka na aliyekuchekea

Wadogo zangu mnaoanza kuandika, kuna neno moja ninalolikuta kwenye miswada yenu karibu kila ukurasa: tabasamu. Binti anashuka kwenye daladala pale Buzuruga, hapa Mwanza, anaachia tabasamu pana. Kijana anampokea, naye anatoa tabasamu. Mama mkwe anafungua mlango, tabasamu mwanana limeutawala uso wake. Nikifika ukurasa wa tano watu wote wameshatabasamu, na mimi sijaona sura ya hata mmoja.

Neno lenyewe halina kosa. Lilitujia kutoka Kiarabu, limekaa nasi muda mrefu, washairi wamelipenda na mimi nalipenda. Ila tumelitwika mzigo usio wake. Tabasamu linakwambia tu kwamba midomo ilifunguka kidogo, sauti haikutoka, na mtu alionekana kufurahi. Halikwambii alimfurahia nani. Halikwambii macho yalikuwa wapi. Ukiona halitoshi unaanza kuliongezea sifa: pana, mwanana, la bashasha, la kukata na shoka. Ni kama kuongeza chumvi kwenye maji ukitarajia yawe mchuzi.

Somo hili nililipata kwa aibu. Miaka ile ya mwanzo nilikuwa naandikia gazeti moja, nikatumwa soko la Mwaloni, Kirumba, kuandika habari za wanawake wanaouza dagaa. Nilikaa nusu siku na mama mmoja wa makamo. Alikuwa amekalia kiroba kilichojaa, kanga moja kiunoni, nyingine mabegani, anapima dagaa kwa sado. Kila mteja alimwita baba, mama au mwanangu, na mimi nilikuwa mwanangu. Nilipoaga alinitazama akafurahi, meno yakaonekana. Nilirudi ofisini nikiwa na hamu ya kuonyesha kwamba najua Kiswahili. Tabasamu niliona ni jepesi, nikataka neno lenye nguvu, nikaandika kwamba mama yule "alinikenulia meno".

Gazeti lilipotoka nilimpelekea nakala yake mwenyewe, kwa fahari. Mjukuu wake akamsomea palepale. Mama akanyamaza, akamalizia kupima sado iliyokuwa mkononi, akapokea hela, ndipo akanigeukia.

"Mwanangu, mimi nilikukenulia? Anayekenua ni mbwa. Maiti asiyefungwa taya, huyo ndiye anakenua. Mimi nilikuchekea."

Sikuwa na la kujibu. Kwa maana ya kamusi sikukosea sana: kukenua ni kuiacha midomo wazi meno yaonekane. Lakini neno hulibeba lile kundi linalotembea nalo, na kukenua hutembea na ukali, upumbavu, au mauti. Unaweza kumwambia rafiki yako wa karibu, "mbona umekenua tangu asubuhi?" mkacheka wote. Mama wa watu aliyekukaribisha kwenye biashara yake huwezi kumpa neno hilo mbele ya wasomaji.

Alichonipa siku ile ni neno ambalo lilikuwa mdomoni mwangu tangu utotoni, nami nikalidharau kwa sababu ni la kila siku. Kuchekea. Huku kwetu Kanda ya Ziwa wengi wetu tumekulia lugha nyingine kabla ya Kiswahili cha darasani. Wasukuma wana guseka, Wahaya wana okusheka, na ni ndugu wa damu wa kucheka. Ndiyo maana mtu wa huku husema "alicheka" hata pale ambapo sauti haikutoka kabisa. Vijana wengi wakiingia kwenye uandishi hulionea haya jambo hili, wakafuta kila "alicheka" na kuweka "alitabasamu". Msilionee haya. Kitenzi cheka kina watoto wengi, na kila mtoto ana tabia yake.

Alimcheka: hapo kuna dhihaka, kuna mtu ameaibika. Alimchekea: uso umekunjuka kwa ajili ya mtu fulani, umempokea. Kati ya hayo mawili kuna herufi e peke yake. Kijana mmoja aliniletea hadithi yenye sentensi hii: "Mwalimu alimcheka mwanafunzi mgeni, akamwonyesha pa kukaa." Nilidhani mwalimu ni katili, nikasoma kurasa nne nikingoja ukatili wake mwingine. Haukuja. Mwandishi alitaka mwalimu mwema. Herufi moja ilimgeuza.

Alicheka naye ni jambo jingine, hapo wako wawili na wako sawa. Lakini likizidi huwa ni kulea ubaya, ndiyo sababu wakulima wakasema ukicheka na nyani utavuna mabua. Hata kuchekea kuna upande huo: mzazi anayemchekea mtoto mwizi. Kwa hiyo angalia sentensi za jirani, zimwonyeshe msomaji ni upande upi.

Anachekelea: furaha imekaa ndani, inavuja yenyewe, mtu hawezi kuizuia. Tangu apate barua ya kazi anachekelea tu. Linafaa pia kwa yule anayefurahia anguko la mwenzake, na hapo lina sumu. Wanachekeana: soma tena uone jinsi neno hili peke yake linavyoweza kumaliza aya nzima ya mapenzi, wawili, kila mmoja uso wake uko kwa mwenziwe. Ukibadilisha ikawa wanachekana, umewagombanisha. Na anachekacheka, kwa kurudiarudia huko, ni mtu asiyejua aweke wapi uso wake: mkwe mpya mbele ya wazee, kijana aliyebambwa na uongo, mgeni ofisini siku ya kwanza. Nimeona waandishi wakitumia mistari mitatu kueleza wasiwasi wa aina hiyo wakati lugha imeshawapa neno.

Kisha kuna yale ambayo si kucheka kabisa ila midomo imehusika. Anayekubetulia midomo amekudharau. Anayekunjua uso ameachilia ndita zilizokuwa kwenye paji, na huenda meno hayakuonekana hata moja. Bashasha haikai mdomoni pekee, iko kwenye sauti, mikono, namna mtu anavyonyanyuka kitini kukulaki. Ukiandika "midomo yenye bashasha" umeibana mahali isipoenea.

Sasa meno, maana hapo ndipo mnapoharibu zaidi. Kwanza acheni theluji. Tunayo Tanzania, iko juu Kilimanjaro, lakini msichana wa Igogo mwenye "meno meupe kama theluji" ameazimwa meno ya mbali. Ukilazimika kufananisha, nenda stendi ya Nyegezi utazame mahindi mabichi yaliyomenywa, punje zilivyopangana. Au angalia yangeyange ufukweni, ule weupe wao juu ya mawe meusi. Pili, mwanya si pengo. Mwanya ni nafasi ya kuzaliwa nayo katikati ya meno ya mbele, nasi huuhesabu kuwa uzuri. Pengo ni mahali jino lilipong'oka. Nimesoma hadithi ambayo bibi harusi alisifiwa kwa "pengo lake la kuvutia", nikajiuliza nani alimpiga. Vile vishimo vya mashavuni mtaani tunaviita dimpozi, na ukiwa unaandika mazungumzo ya vijana liache neno hilo hivyohivyo.

Kuna jambo la meno ambalo nataka mlichukue kwa uzito. Wapo wenzetu waliokulia maeneo ya Arusha kuzunguka Mlima Meru, wengine Singida na Shinyanga, ambako baadhi ya maji ya visima yana floraidi nyingi. Mtoto akinywa maji hayo miaka ile meno ya ukubwani yanapojengeka chini ya ufizi, yatakuja kuota yakiwa na mabaka au rangi ya kahawia. Mswaki hauiondoi. Nilifanya kazi na mwenzangu mmoja wa aina hiyo, na kwa miezi kadhaa nilimwona mtu wa kujisikia, kwa sababu kila tulipocheka yeye alibana midomo au alipeleka kiganja mdomoni. Kumbe alishachoka kuulizwa kama anavuta sigara. Ningemwandika wakati ule ningeandika "alitabasamu kwa maringo" na ningekuwa nimemdhulumu. Siku hizi nikiona mtu amefunika mdomo, naandika kwamba amefunika mdomo. Sababu naiacha mpaka niijue.

Macho ndiyo yanayoniambia kama nitumie neno la furaha au nisubiri. Mwaka 1862 tabibu Mfaransa, Guillaume Duchenne, alichapisha picha za nyuso ambazo misuli yake aliishtua kwa umeme, mmoja baada ya mwingine. Aliona kwamba msuli unaovuta pembe za mdomo mtu anaweza kuuamuru, lakini ule unaozunguka jicho, unaopandisha shavu na kukunja ngozi ya pembeni, hauamriki kirahisi. Huitikia furaha yenyewe. Bibi zetu hawakuhitaji umeme kulijua hili, lakini napenda kwamba kuna mtu alikaa akalipima. Kwa mwandishi faida yake ni hii: ukiandika mdomo peke yake, msomaji hana uhakika. Ukiongeza jicho, amejua. "Midomo ilifunguka, macho yakabaki kwenye bahasha." Hapo huhitaji tena kusema tabasamu la kinafiki, la bandia wala la kulazimisha.

Tahadhari moja ya hapa nyumbani. Jioni jua letu hushukia upande wa ziwa. Ukisimama Kamanga kungoja kivuko saa kumi na moja, kila anayetazama maji amefinya macho na midomo imejivuta meno nje. Mgeni mwenye daftari atadhani abiria wote wana furaha. Wanaumizwa na mwanga. Mzunguke mtu, mwone akiwa kivulini, ndipo uandike.

Hili la mwisho la ufundi nitalipitia haraka kwa sababu linarekebishika kwa dakika moja. Msiandike: "Karibu ndani," alitabasamu. Kutabasamu hakutoi maneno. Mtu husema, na kabla yake au baada yake uso hufanya jambo: "Karibu ndani," alisema huku akitabasamu. Vilevile "alivaa tabasamu" na "tabasamu lilicheza midomoni mwake" ni mavazi na michezo ya lugha nyingine. Yasomeni kwa sauti mbele ya shangazi yenu muone atakavyowatazama.

Na misibani, nawaomba, nendeni polepole. Mfiwa anayewapokea wageni mlangoni hunyanyua uso, hunyanyua pembe za mdomo, kwa sababu mgeni ni mgeni. Nimeona waandishi wakiandika "alitabasamu kwa uchungu". Labda. Mimi huandika kwamba alijikaza akatukaribisha, aliuliza kama tumepata viti. Msomaji aliyewahi kufiwa atauona uso huo mwenyewe.

Nilirudi Mwaloni baada ya wiki kadhaa. Sikuwa na gazeti safari hii, nilikuwa na karatasi tu, kwa sababu sentensi ile ilikuwa hainipi raha. Nilikuwa nimeiandika upya mara nyingi, na nilichogundua ni kwamba nilisahau nusu ya tukio. Sikukumbuka kwanza kwamba kabla ya kuniangalia alikuwa ameniongezea konzi moja ya dagaa juu ya nilichonunua. Sikukumbuka kwamba baada ya meno kuonekana alivuta ncha ya kanga. Nilikuwa nimekata tukio katikati nikabaki na meno, na meno peke yake ndiyo yaliyonipeleka kwenye kukenua.

Nikamsomea mama: "Aliongeza konzi moja juu ya sado, akanitazama, akanichekea, mwanya ukaonekana, kisha ncha ya kanga ikaufunika."

Alisikiliza huku akichambua takataka kwenye dagaa. Akaniambia nisome tena, nikasoma. Akauliza mwanya nimeuweka wa nini. Nikamwambia niliuona, na ulikuwa mzuri.

"Huo ni wa mama yangu," akasema. "Tulizaliwa sita, nimeupata mimi tu."

Nikatoa kalamu, nikaliandika na hilo.